Si kila kinachotoa povu ni shampeni: soma lebo kabla ya kulipa

Msimu wa harusi ukikolea, malalamiko ya wanunuzi mezani kwetu nayo hukolea. Mengi yanafanana. Kamati imelipa bei ya shampeni, kizibo kimeruka hadi darini, MC kashangiliwa, halafu mjomba mmoja anageuza chupa na kukuta ni juisi ya zabibu yenye gesi, kilevi asilimia 0. Kesho yake tunaletewa chupa tupu na maneno "tumeuziwa feki". Mara nyingi si feki. Lebo ilisema ukweli wake, hakuna aliyeisoma.

Champagne, tunayoiita shampeni, ni mahali. Iko mashariki ya Paris, kwenye miji ya Reims na Épernay, na jina hilo ni haki ya mvinyo wa zabibu za huko tu, uliochachuka mara ya pili ndani ya chupa na kukaa si chini ya miezi 15 kabla ya kuuzwa. Bordeaux ya Ufaransa nayo ni mahali, na Rioja ya Hispania vilevile. Mipaka ya bonde la Douro kule Ureno, unakotoka mvinyo wa Porto, iliwekwa tangu 1756. Tumeyaeleza haya mara nyingi.

Wenye majina hayo hawana mzaha. Aprili 2023, Ubelgiji iliteketeza makopo 2,352 ya bia ya Miller High Life yaliyokuwa yakielekea Ujerumani, kwa sababu kopo lilijinadi kuwa ni "Champagne ya bia". Bia yenyewe haikuwa na kasoro. Utaratibu ulikuwa hivi: forodha ilizuia mzigo bandarini Antwerp, umoja wa wazalishaji wa Champagne ukaomba uharibiwe, mnunuzi akaarifiwa, naye hakupinga. Ndipo makopo yakamwagwa na kupondwa. Waagizaji wetu wanaopenda kubuni majina ya kuvutia wausome mfano huu mara mbili.

Tunaulizwa pia kwa nini chupa za mvinyo wa povu za Afrika Kusini huandikwa Cap Classique, si Champagne. Mwaka 1935 nchi hiyo ilikubali kuacha majina ya mvinyo ya Kifaransa, na Ufaransa ikakubali kununua kamba koche wake. Biashara ya kamba, basi! Cap Classique huchachushwa ndani ya chupa kwa njia ileile, kwa hiyo kumwita muuzaji tapeli ni kumwonea.

Na kwa kuwa mvinyo wa nchi hiyo umejaa kwenye rafu zetu, zingatia mpango wake wa asili ya mvinyo, ulioanza 1973. Lebo ikitaja Stellenbosch, eneo mojawapo la mvinyo huko, zabibu zote asilimia 100 zimetoka Stellenbosch. Ikitaja aina ya zabibu au mwaka wa mavuno, angalau asilimia 85 iwe hivyo. Chupa zilizothibitishwa hubeba muhuri mwembamba wenye namba. Usiubandue.

Kuhusu mvinyo wetu wa Dodoma, mtu mmoja alidai chupa isiyo na mwaka wa mavuno ni bandia. Si kweli. Isitoshe, Ulaya huvuna mara moja kwa mwaka, Dodoma huvuna mara mbili, hivyo mwaka peke yake hausemi ni mavuno yapi. Ila mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa, unaouzwa kwenye dumu, hata ukishaanza kuchacha, si mvinyo uliokamilika. Hatuwezi kuuzungumzia ubora wake hapa.

Ukiwa na shaka, anza na stempu ya kodi: ihakiki kwa programu ya simu ya Hakiki Stempu ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kisha piga picha lebo ya mbele, ya nyuma na namba ya toleo, tunza risiti, na uache chupa nyingine ya toleo hilohilo bila kufunguliwa. Bila risiti tunapokea taarifa, lakini hatuahidi hatua. Makala haya hayahamasishi unywaji, na walio chini ya miaka 18 hawauziwi.

Chupa tupu, tafadhali, msituletee. Hakuna cha kupima ndani yake.