Je, Wajua? Kwa Nini Chandarua cha Mwanasesere Husimama Kama Mwavuli

Chukua kitanda cha mtoto chenye urefu wa sentimita 120, kipunguze mara 12, utapata kitanda cha sentimita 10 kinachoenea kiganjani. Hicho ndicho kipimo ambacho mafundi wengi wa nyumba za wanasesere hukifuata, inchi moja ikisimama mahali pa futi moja, na ndicho kilichotumika katika nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kukamilika mwaka 1924, ambayo hadi leo imo katika kasri la Windsor nchini Uingereza, pamoja na vyumba vyake vya watoto. Mbao hukubali kupunguzwa kwa kipimo hicho bila ugomvi. Kitambaa hakikubali.

Jirani yangu, bibi mmoja wa Ngamiani hapa Tanga, aliligundua hilo alipokuwa akimtengenezea mjukuu wake chumba cha mtoto mchanga ndani ya boksi la viatu. Kitanda alikiunda kwa vijiti vya mishikaki, godoro akalichonga katika sponji ya kuoshea vyombo, na chandarua akakikata katika chandarua kikuukuu cha nyumbani. Alipokitundika, badala ya kuteremka na kukizunguka kitanda, kilichanua pande zote kama mwavuli. Akakivuta chini kwa vidole, kikatulia. Alipokiachia, kikachanua tena.

Sababu ni kwamba kitambaa chochote kinachoning'inia hushindaniwa na mambo mawili: uzito wake, unaokivuta chini, na ukakamavu wake, unaokataa kukunjwa. Katika chandarua cha kweli uzito hushinda kwa urahisi, kwa kuwa upande unaoning'inia ni mrefu na unalemea pale penye mkunjo. Ukikata kipande kifupi mara 12, uzito wa kila ukanda wa sentimita moja hupungua mara 12, na umbali ambao uzito huo unavutia nao hupungua mara 12, kwa hiyo nguvu ya kukunja inabaki sehemu moja ya 144 ya ile ya awali. Wakati huohuo kitambaa kinatakiwa kipinde katika kona iliyo kali zaidi mara 12, ilhali ukakamavu wake ni uleule kilipotoka dukani.

Jaribio lake ni jepesi. Laza ukanda wa kitambaa juu ya meza, uusukume polepole nje ya ukingo, nawe utaona kwamba sentimita za kwanza hujishikilia hewani kabla ya kuinama. Mtafiti wa nguo F. T. Peirce aliligeuza jambo hilo kuwa kipimo rasmi mwaka 1930, na hadi sasa maabara za nguo husukuma kitambaa hivyo hivyo mpaka ncha yake ishuke kwa mteremko wa digrii 41.5. Kitambaa kinachojishikilia kwa sentimita tatu hakina taabu kwenye kitanda chako. Kwenye kitanda cha mwanasesere, sentimita tatu ni kimo chote kuanzia godoro hadi sakafuni.

Mtu atasema, basi tutafute kitambaa chembamba zaidi mara 12. Hakitoshi. Kwa utando wa kitu kimoja, hesabu inadai unene upungue zaidi ya mara 40 ili ulale kama ule mkubwa. Kanga yenye unene wa karibu moja ya tano ya milimita ingepaswa kufikia sehemu tano kwa elfu za milimita, na unyuzi mmoja tu wa pamba, kabla haujasokotwa, ni mnene kuliko hapo. Hakuna mfumaji awezaye kufuma nguo hiyo. Ukiichukua kanga ya kawaida ukamfunika nayo mwanasesere, ni kama kumfunika mtoto mchanga kwa busati.

Fundi basi hana budi kudanganya, na hapo ndipo penye utamu wa kazi hii. Bibi alitupa kile chandarua, ambacho hata matundu yake yalikuwa makubwa kiasi cha kupitisha panzi kama angekuwa wa kipimo hicho, akachukua soksi ndefu ya nailoni iliyotatuka. Alikizungushia kitanda karatasi ya nailoni ili kisigandane, akaichovya soksi katika gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, akaitundika ikiwa mbichi, kisha akapanga mikunjo mmoja mmoja kwa pini na kuiacha ikauke usiku kucha. Chandarua kile hakianguki kwa uzito wake. Kimegandishwa katika umbo la kitu kilichoanguka. Awali alifikiria kutumia dondo, kama inavyotiwa kanzu, lakini dondo ni wanga, na wanga hunyonya unyevu: masika yakianza Tanga mikunjo hulegea, na mende nao huja kula.

Kuna vitu vinavyokubali bila hila yoyote. Nyuzi tatu nne za mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kuupa mkoa wetu sifa, zikiloweshwa na kusokotwa kwa vidole hutoa kamba isiyofika milimita moja, ambayo ndiyo hasa kamba ya kitanda ikipunguzwa mara 12. Kwa kamba hiyo bibi alitundika susu ya kumlaza mwanasesere.

Susu nayo ikamsumbua kwa namna yake. Susu iliyofungwa kwa kamba ya mita moja huenda na kurudi kwa sekunde mbili hivi, mwendo wa kumlaza mtoto. Ya kamba ya sentimita nane hufanya hivyo mara tatu na nusu haraka zaidi, kwa kuwa urefu wa kamba ndio unaoamua mwendo, wala uzito wa mtoto haubadilishi kitu. Mwanasesere alikuwa akitikiswa kama aliyepanda bodaboda kwenye barabara mbovu. Bibi aliituliza susu kwa tone la gundi ukutani mwa boksi, na mjukuu akaibandua siku ya kwanza.