Je, wajua kwa nini dodoso la "unataka mafunzo gani?" halionyeshi mahitaji ya wafanyakazi wa chuo kikuu?

Msimu wa bajeti ukikaribia, ofisi ya rasilimali watu chuoni husambaza dodoso: weka alama ya vema kwenye mafunzo unayoyahitaji. Uongozi, kompyuta, uandishi wa miradi, huduma kwa wateja. Fomu zinarudi, vema zinahesabiwa, mpango wa mwaka unaandikwa. Kilichopimwa hapo ni matamanio.

Si kwamba watu ni waongo. Kozi ya nje ya kituo cha kazi huja na posho ya kujikimu, na cheti chake huingia kwenye faili la kupandishwa cheo, nani atakataa? Halafu kuna mapengo ambayo mwenyewe hayaoni. Mwenye shahada ya uzamivu ya kemia alifunzwa kutafiti kemia. Kutunga mtihani unaopima kweli alichofundisha huenda hakufunzwa na mtu, na hapo hatii vema.

Mwaka 1961 Wamarekani wawili, William McGehee na Paul Thayer, walipendekeza mahitaji ya mafunzo yachunguzwe kwa ngazi tatu: taasisi inaelekea wapi, kazi yenyewe inadai nini, na mtu anaifanyaje. Vyuo vingi huanza na ya tatu na kuishia hapo hapo.

Chukua idara ambayo matokeo yake huchelewa kila muhula. Jibu jepesi ni semina ya siku tatu kuhusu mfumo wa matokeo. Mtathmini makini hukaa kwanza kando ya mhadhiri na kumtazama akiingiza alama. Pengine atakuta mfumo anaujua vizuri sana, ila ana skripti 600 za mwaka wa kwanza na hana msaidizi. Au karani anachapa upya alama zote kutoka kwenye karatasi kwa kuwa hakupewa nywila. Semina haitasaidia kitu. Lakini akikuta faili linakataliwa kila likipakiwa, kwa sababu namba za usajili zimeandikwa ovyo, hilo ni hitaji la mafunzo, tena la asubuhi moja, mezani kwa mhusika. Swali linalochuja ni hili: mfanyakazi akipewa muda, vifaa na ruhusa, angeweza? Kama angeweza, tatizo si ujuzi.

Ngazi ya taasisi nayo ina mambo yake. Tanzania ina mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), ulioidhinishiwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 mwaka 2021, unaojenga majengo ya vyuo na kusomesha wahadhiri. Maabara mpya, hata hivyo, huendeshwa na fundi sanifu, na kwa maoni yangu waendeshaji ndio husahaulika zaidi: mafundi, watunza masijala, wakutubi, madereva. Dodoso la barua pepe haliwafikii wote. Wafuatwe kazini, na waulizwe pia wanafunzi wanaohudumiwa nao.