Maana ya kufundisha ujasiriamali kwa nadharia na vitendo

Kufundisha ujasiriamali kwa nadharia na vitendo ni kumpa mwanafunzi wa chuo kikuu elimu ya biashara huku anaendesha biashara yenyewe. Anatafuta mtaji, anauza kwa wateja halisi, kisha anarudi darasani na daftari lake la mauzo kuchambua kilichotokea. Hatua hiyo ya kurudi ndiyo husahaulika, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi.

Mara nyingi somo huishia kwenye mchanganuo wa biashara: unaandikwa, unasahihishwa, unapewa alama, na hakuna mteja hata mmoja aliyeulizwa kama angenunua. Huo ni mwanzo tu.

Chukua wanafunzi wanne wanaotengeneza chupa 50 za juisi ya ubuyu, kila chupa ikiwagharimu shilingi 600 na kuuzwa 1,000. Kwenye karatasi faida ni 20,000. Sokoni, chupa 10 zinachacha kabla hazijanunuliwa, na 5 zinachukuliwa na marafiki wa hosteli kwa ahadi ya kulipa boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi, likitoka. Mkononi zinabaki 35,000. Ukitoa gharama, ni 5,000 kwa watu wanne, na bado hawajajilipa kwa kazi yao. Hapo sasa mhadhara kuhusu mzunguko wa fedha, uhifadhi na upangaji wa bei unapata wasikilizaji wenye maswali yao wenyewe. Bila mhadhara huo, wangesema tu kwamba biashara ya juisi hailipi.

Chuo Kikuu cha EARTH cha Costa Rica, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990, kimeliweka jambo hili ndani ya shahada ya kilimo. Wanafunzi huunda kampuni kwa vikundi, chuo huwakopesha mtaji, nao huurejesha kwa riba, hufunga hesabu na kugawana faida iliyobaki. Kwetu, pale Morogoro, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wana ushirika wao wa wajasiriamali, SUGECO.

Ugumu uko kwenye usahihishaji. Ukitoa alama kwa faida, kikundi ambacho shangazi wa mmoja wao alinunua mzigo wote kitaongoza darasa. Heri kumpima mwanafunzi kwa kumbukumbu alizotunza, kwa maelezo yake ya kwa nini hesabu zilikwenda hivyo, na kwa kile alichobadilisha katika mzigo uliofuata. Kikundi kilichopata hasara kikaionyesha ilipotokea, shilingi kwa shilingi, kinastahili kufaulu.