"Cha bure hakithaminiwi" na dhana nyingine kuhusu gharama na ubora wa matibabu

Tangu Tanzania ipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mazungumzo yamekuwa ya kadi: bei yake, nani atalipiwa, itapokelewa wapi. Ni mazungumzo ya lazima, kwa sababu familia zinauza mbuzi na viwanja ili kulipia upasuaji. Lakini kadi kazi yake ni kukufikisha mlangoni kwa daktari. Kuhusu fedha na kuhusu kinachofuata ukishaingia chumbani, watafiti wameshafanya kazi kubwa hapa hapa Afrika Mashariki, na mengi waliyoyakuta yanapingana na tunayoambiana kwenye daladala na hata bungeni.

"Cha bure hakithaminiwi, mtu achangie hata kidogo"

Hoja hii ilisaidia kuingiza ada katika hospitali za umma barani Afrika miaka ya 1980 na 1990. Tanzania ilianza uchangiaji mwaka 1993. Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliipima magharibi mwa Kenya kwa vyandarua vyenye dawa. Kliniki za wajawazito zilipangiwa bei kwa bahati nasibu: nyingine zitoe bure, nyingine ziuze kwa bei mbalimbali, ya juu ikiwa shilingi 40 za Kenya. Pale bei ilipofika shilingi 40, kwa kila wajawazito 100, waliochukua chandarua walipungua kwa 60 hivi wakilinganishwa na pale kilipotolewa bure. Kisha watafiti wakaenda majumbani kuangalia kama vimetundikwa. Waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua. Ada haikuwachuja wazembe. Iliwaacha wajawazito wengi bila kinga ya malaria, basi.

Busia nako, huko huko magharibi mwa Kenya, Michael Kremer na Edward Miguel waliona jambo hilo hilo kwenye vidonge vya minyoo shuleni. Vilipokuwa bure, asilimia 75 ya watoto walivimeza. Wazazi walipotakiwa kuchangia kidogo, asilimia 18 tu.

Na wale wanaosema ada huwazuia wanaokuja na vijimafua? Marekani, taasisi ya RAND ilifanya jaribio kubwa kuanzia 1974 hadi 1982 ikizipa familia bima za aina tofauti. Waliotakiwa kuchangia walipunguza matibabu kweli, ila walipunguza yenye faida na yasiyo na faida kwa kiwango kinachokaribiana. Mgonjwa hawezi kujua akiwa nyumbani kama kichwa kinachomuuma ni uchovu au shinikizo la damu. Kujua hilo ndiyo kazi ya kituo cha afya.

"Ada ikifutwa, masikini hatoi kitu"

Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali Machi 2001. Watu wakamiminika, masikini zaidi ya wote, na hilo ni jema lisilopingika. Lakini watafiti walipopima matumizi ya kaya baada ya hapo, idadi ya kaya masikini zilizotumbukia kwenye gharama za kuzivunja mgongo haikupungua. Sababu inayoelekea zaidi ni dawa: wagonjwa waliongezeka, shelfu zikakauka, watu wakaambiwa wakanunue nje. Aliyewahi kupewa cheti chenye dawa nne akapata panadoli dirishani na nyingine tatu akazifuata duka la jirani anaelewa. Kwa hiyo tangazo la "bure" lazima liende na bajeti ya dawa siku hiyo hiyo.

"Ukihudumiwa vibaya, ujue mtoa huduma hajasoma au amezidiwa na foleni"

Dhana hii ndiyo naiona kubwa kuliko zote, kwa kuwa inaamua fedha za serikali zinakwenda wapi: semina, semina tena, na ajira mpya.

Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walichunguza jambo hili kwa miaka mingi mkoani Arusha. Walitenganisha vitu viwili: anachokijua tabibu, kwa kumpa mgonjwa wa kuigiza na kumsikiliza anavyouliza, na anachokifanya tabibu huyo pale mgonjwa halisi anapokuwa mbele yake. Wengi walijua zaidi ya walivyofanya. Kisha wakaona jambo lingine. Waliwahoji wagonjwa waliokuwa wakitoka chumbani kabla timu ya watafiti haijaingia kuangalia, na baada ya kuingia. Timu ilipoingia, maswali na vipimo viliongezeka ghafla. Baada ya wagonjwa kadhaa, tabibu alipozoea kutazamwa, alirudi kwenye kawaida yake. Elimu ilikuwa ile ile, vifaa vile vile, foleni ile ile.

Baadaye walijaribu hatua ndogo sana: daktari awatembelee matabibu hao, awakumbushe umuhimu wa kazi yao na kuwasihi waifanye vizuri. Ubora ukapanda.

Na foleni? Ottar Mæstad na wenzake walipima vituo vya vijijini Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Hawakuona kwamba tabibu mwenye wagonjwa wengi kwa siku alimpa kila mmoja juhudi kidogo kuliko mwenye wachache. Hospitali ya rufaa ni habari nyingine, wauguzi wa wodini huko wanaelemewa kweli. Ila kwa zahanati nyingi, kumwongeza mtu wa pili hakutamfanya wa kwanza amuulize mama mwenye mtoto mwenye kikohozi: anapumua kwa shida? Ameugua siku ngapi?

Anayedhani haya ni madogo azingatie hesabu ya tume ya jarida la Lancet iliyoongozwa na Margaret Kruk, 2018. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, vifo milioni 8.6 kwa mwaka vinatokana na magonjwa yanayotibika. Milioni 3.6 ni vya watu ambao hawakupata huduma. Milioni 5 ni vya watu walioipata, ikawa duni.

"Bima nitakata nikianza kuugua"

Hii ni fupi. Wakijiunga wagonjwa peke yao, mfuko unakufa. Mwaka 2023 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya wa Tanzania, ilisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, bima yake ya watoto, ikieleza kuwa waliosajiliwa wengi walikuwa tayari wagonjwa.

"Walipwe kwa matokeo, wataamka"

Watoa huduma wanaamka kwa baadhi ya mambo. Rwanda ilijaribu malipo kwa matokeo katika utafiti wa vituo 166, na vile visivyolipwa kwa matokeo vikapewa fedha sawa bila sharti, ili kinachopimwa kiwe motisha yenyewe. Kujifungulia kituoni kuliongezeka kwa asilimia 23, lakini kutimiza mahudhurio manne ya kliniki ya wajawazito hakukubadilika. Mpango wa aina hiyo ulipojaribiwa mkoani Pwani, Tanzania, kati ya huduma nane zilizolengwa, mbili tu ndizo zilizosogea: kujifungulia kituoni na dawa za kuzuia malaria kwa wajawazito.

"Utafiti umeshathibitisha"

Uganda tena. Utafiti wa Martina Björkman na Jakob Svensson uliotoka 2009, katika vituo 50, ulionyesha kuwa wanakijiji wakikaa na watumishi wa kituo na kuwadai uwajibikaji, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vinapungua kwa asilimia 33. Habari hiyo ilizunguka dunia. Watafiti wengine wakalirudia jaribio katika vituo 376. Safari hii vifo havikupungua, wala wagonjwa waliokwenda kituoni hawakuongezeka. Kilichosogea kidogo ni namna mgonjwa anavyohudumiwa. Hicho ndicho ninachokitanguliza, kwa sababu ndicho mama aliyebeba mtoto anakutana nacho asubuhi ya Jumatatu.