Foleni ya mbwa na maneno yake: dhana potofu kuhusu kliniki ya mifugo ya mtaani

Siku za chanjo za kliniki ya mifugo ya mtaani, mimi hushika daftari. Sijui kuchoma sindano na sijawahi kujifanya najua. Nauliza jina la mnyama, umri na rangi yake, naandika jina la mwenye naye, natoa kadi, namwita anayefuata. Lakini mshika daftari husikia mengi kuliko mshika sindano. Mezani kwa daktari watu hunyamaza. Kwenye foleni ndiko wanakosema wanachoamini. Haya ni yale yanayorudi kila mara, pamoja na majibu niliyoyapata kwa kuwasumbua madaktari.

"Cha bure hakina nguvu"

"Dada, hii siyo ile iliyokaribia kuisha muda?" Swali hili huja kabla hata ya salamu. Watu huamini kwamba chanjo ya siku ya hisani ni ya daraja la pili, na ile nzuri imebaki ndani ikiwasubiri wenye kulipa.

Ni chanjo ile ile. Unafuu wake unatoka kwingine. Chanjo ya kichaa cha mbwa huuzwa pia katika chupa za dozi nyingi, mara nyingi 10, na chupa ikishafunguliwa haina maisha marefu. Mbwa akija mmoja mmoja, chupa kama hiyo ni hasara; wakija kwa foleni, haibaki tone. Juu ya hapo kuna madaktari na wanafunzi wanaojitolea, kuna wahisani walionunua kwa wingi, na siku hiyo hakuna uchunguzi mrefu wa mwili.

Hilo la mwisho watu hulisahau. Utasikia, "Huyu daktari alimwona juzi kwenye chanjo, akasema mzima." Alimwona dakika mbili, akiwa kwenye kamba, katikati ya mbwa thelathini wanaobweka. Uvimbe chini ya ngozi, jino bovu, moyo unaopiga vibaya: hayo yanataka siku yake na meza yake.

Kinachoiua chanjo ni joto. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu kiwandani mpaka kwenye bomba la sindano, na kugandishwa kunaiharibu vilevile. Ukitaka kukagua, basi, kagua kasha la barafu. Liko kivulini? Linafungwa kila chupa ikitolewa? Kuna kipimajoto ndani? Hayo ni maswali ya haki na hakuna daktari mzuri atakayeyakasirikia.

"Wangu hatoki getini, foleni hii ni ya mbwa wa wengine"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo sababu hasa kliniki inatoa meza nje badala ya kusubiri wateja ndani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka. Karibu wote, hadi asilimia 99, waliupata kwa mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kutegemewa. Wanaopona ni wa kuhesabika kwa vidole. Lakini virusi hivi vina udhaifu wao: vinahitaji mbwa wa kuvipokea. Mbwa 70 katika kila 100 wa eneo wakiwa na kinga, mgonjwa mmoja hupata shida kumpata wa kumwambukiza, na mnyororo unakatika.

Tazama hesabu hiyo inavyokaa. Ni hesabu ya eneo, haimhusu mbwa mmoja. Yule anayelala ndani ya geti anahesabiwa, na yule asiye na mwenyewe anayelala jalalani anahesabiwa. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake huuliza, "Na wale wawili wanaoshinda pale kona, nani anaweza kuwashika?" Mara nyingi jibu ni mtoto mmoja wa mtaa ambaye huwatupia makombo.

Matukio mengi ya namna hii hupangwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inayoadhimishwa tangu 2007. Ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa, mwaka 1895. Miaka kumi kabla ya hapo, Julai 1885, alikuwa ameisimamia tiba ya chanjo kwa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, na mtoto akaishi. Leo mashirika ya afya ya binadamu na ya wanyama yana lengo la pamoja: ifikapo 2030, asife mtu kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa. Lengo hilo haliwezi kutimizwa hospitalini peke yake. Linatimizwa kwenye foleni kama hii.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa nimeliona: mtu aliyeumwa hujitokeza kwenye foleni na mguu wake, anataka naye achomwe. Daktari wa mifugo hatibu watu. Aliyeumwa aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

"Kuwaua mbwa koko ni rahisi kuliko kuwachanja"

Ni rahisi kusema. Wakiuawa, wanakufa pia waliokwisha kuchanjwa, yaani kinga ya mtaa inauawa pamoja nao. Nafasi iliyobaki hujazwa na mbwa wageni na watoto wa mbwa wasio na kinga, huku wenye mbwa wakiwaficha au kuwahamishia kwingine. Shirika la Afya Duniani limeshalisema wazi: kuua mbwa hakukomeshi kichaa. Sina la kuongeza.

"Amechomwa leo, basi leo amekingika"

Mwili unahitaji muda kuijenga kinga. Kwa kichaa cha mbwa ni wiki kadhaa. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huihesabu chanjo ya kwanza kwa safari baada ya siku 21. Na chanjo moja si ya maisha. Tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi, sehemu ambayo watu hukunja bila kuisoma.

Kwa watoto wa mbwa mambo ni magumu zaidi. Kinga waliyoipata kwenye maziwa ya mama huwalinda, lakini pia huizuia chanjo isishike, na hakuna anayejua kwa macho ni wiki gani inaisha. Ndiyo maana chanjo za kuzuia magonjwa kama parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara damu, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka kitoto kifikishe wiki 16 au zaidi. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi. Kitoto cha wiki 8 kilichobebwa kuja kuonyeshwa kwenye tamasha, kikashushwa chini kinuse nyasi ambazo mbwa mia wamezipita, kimeletwa kwenye hatari kwa ajili ya picha. Kama ni siku yake ya sindano, abaki mikononi.

"Anatikisa mkia, anafurahia"

Kliniki nyingi huandaa pia siku za furaha: maonyesho, matembezi ya pamoja, mashindano ya mbwa aliyepambwa vizuri, siku ya kuwatafutia makao wanyama waliotelekezwa. Siku hizo hukusanya michango, nami ninazipenda. Sina uhakika kama mbwa wote wanazipenda.

Mkia unaotikisika unasema mnyama amesisimka, hausemi kwa nini. Soma na mengine: anapiga miayo bila usingizi, analamba midomo bila chakula, anageuza uso, amelaza masikio, mkia umeingia katikati ya miguu. Huyo anaomba kuondoka. Joto nalo ni adui wa kimyakimya, kwa kuwa mbwa hapozi mwili kwa jasho kama sisi. Hupoza kwa kuhema. Wenye pua fupi, kama bulldog na pug, huhema kwa shida hata wakiwa wazima, na vazi la mashindano juu ya manyoya huongeza mzigo. Paka, kwa maoni yangu, hana kazi yoyote kwenye tamasha. Akija kwa chanjo aje ndani ya kasha lililofunikwa kitambaa, kisha arudi nyumbani kwake akatununie.

"Jike lazima azae mara moja kwanza"

Siku za kuhasi madume na kufunga kizazi cha majike kwa bei ya hisani ndizo zenye ubishi mrefu kuliko zote. Wanaume hasa humtetea dume kana kwamba ni ndugu yao anayepelekwa kisuni. Lakini dhana ngumu zaidi ni hii ya jike: kwamba asipozaa mara moja ataugua, au atabaki na huzuni.

Hakuna faida ya kiafya inayojulikana ya huo uzao wa kwanza. Kufunga kizazi kwa kuondoa ovari na mfuko wa uzazi humwondolea kabisa hatari ya mfuko huo kujaa usaha, ugonjwa unaowapata majike wengi wakizeeka na unaoua usipofanyiwa upasuaji. Na hesabu ya vitoto ni kali: paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, na mimba ni takriban wiki 9. Aliyesema "azae mara moja tu" mara nyingi hurudi akiwa na vizazi viwili na sanduku la kugawa majirani.

"Atanenepa" ni nusu ya kweli. Mahitaji yake ya chakula hupungua baada ya upasuaji. Sahani ikibaki ile ile, atanenepa. Tatizo ni sahani.

Na fuata maelekezo ya kufunga kula kabla ya upasuaji kama ulivyopewa wewe, usiyachukue ya jirani. Kitoto cha paka hakishindishwi njaa usiku kucha kama mbwa mzima, sukari yake hushuka haraka.

"Akiwa na chipu, nitamwona kwenye simu"

Hapana. Chipu inayowekwa chini ya ngozi ni ndogo kama punje ya mchele, haina betri wala haitumi mahali alipo. Ina namba, kwa kawaida ya tarakimu 15, inayosomeka kifaa maalumu kikipitishwa juu ya shingo. Isipoandikishwa pamoja na namba yako ya simu, au ukibadili simu usiseme, ni punje tu.

"Dawa zilizobaki nyumbani ni mchango mzuri"

Nia ni njema na inaweza kuua. Paracetamol, hata kidonge kimoja, inaweza kumwua paka; ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin humtia paka mtetemeko na degedege. Hizi mbili huletwa kwenye mifuko ya msaada mara kwa mara, na kliniki huzitenga kuziharibu, kazi ambayo nayo ni gharama.

Wanachokosa kweli ni vitu ambavyo huoni aibu kuvitupa: taulo kuukuu, mashuka, magazeti ya kutandika, makasha ya kubebea paka, chakula ambacho hakijafunguliwa. Taulo moja hufuta mnyama aliyetoka upasuaji, humfunika asipate baridi, hufuliwa, hurudi kazini.

Damu pia ni mchango, na wengi hushtuka kusikia kwamba mbwa huchangia. Huchaguliwa mzima, mtulivu, wa zaidi ya kilo 25 hivi na si mzee, na hutoa kama mililita 450 kwa mara moja. Paka wana makundi A, B na AB, na wa A na wa B huwa na kinga za asili za kupinga kundi lisilo lao. Wa kundi B akitiwa damu ya A anaweza kufa, hivyo kupima kwanza hakuna mjadala. Kliniki ikiwa na orodha ya wachangiaji wa mtaani, aliyegongwa na gari usiku ana nafasi.

"Kama wanapenda wanyama, watibu bure kila siku"

Wazo hili si geni. Mwaka 1917, Maria Dickin alifungua chumba cha chini ya ardhi huko Whitechapel, London, kutibu bure wanyama wa maskini, na shirika lililozaliwa pale, PDSA, lipo hadi leo. Madaktari wa mifugo wa enzi zile walilalamika, na hawakuwa na choyo tu: wengi wa waliokuwa wakitibu kwenye shirika hilo hawakuwa na sifa za udaktari. Shirika liliendelea kwa michango.

Kliniki ya mtaani haina michango ya namna hiyo. Dawa ya usingizi, nyuzi za kushonea, eksirei na vipimo vinalipiwa kama vya hospitali ya watu. Siku ya bure hulipiwa na siku zisizo za bure. Mwenye kudai kila kitu bure, na mwenye kukwepa deni la mwezi uliopita, wote wanaipunguza foleni ya mwaka ujao.

Jioni meza zikishakunjwa, daftari langu linahesabiwa. Si kwa kujivunia idadi: daktari hulilinganisha na makadirio ya mbwa wa kila mtaa, kisha anazungushia kwa kalamu nyekundu mitaa ambayo haikuleta hata mmoja. Huko ndiko tutakakopita Jumamosi inayofuata na kasha la barafu, nyumba kwa nyumba.