Kumstaafisha farasi wa mbio: maana yake na wakati wake

Mtu hustaafu, lakini farasi hustaafishwa. Kiswahili kimelisema jambo hili vizuri kwa kubadilisha kitenzi tu. Mfanyakazi huijua siku yake, huandika barua, hukabidhi funguo na kwenda nyumbani. Farasi hana barua ya kuandika. Ukimtandika alfajiri, atatoka bandani. Ukimpeleka kwenye kizimba cha kuanzia na wenzake wakachomoka, naye atachomoka hata kama mguu unamuuma, kwa kuwa ni mnyama wa kundi na silika yake inamwambia asiachwe nyuma.

Kwa hiyo kumstaafisha farasi ni uamuzi wa binadamu, yaani mwenye farasi, mkufunzi na daktari wa wanyama, kwamba mnyama huyu hatashindana tena. Uamuzi huo una sehemu ya pili inayosahaulika mara nyingi, nayo ni kumwandalia maisha yanayofuata. Aliyemtoa farasi uwanjani akamuuza kwa yeyote aliyejitokeza bila kuuliza anakwenda wapi, mimi siwezi kusema amemstaafisha. Amemwondoa tu.

Kwanza tuelewane kuhusu umri. Farasi wa Thoroughbred, aina inayotumika zaidi kwenye mbio za uwanja tambarare, huanza kushindana akiwa na miaka miwili. Mbio kubwa za Derby, za Epsom nchini Uingereza na za Kentucky nchini Marekani, ni za farasi wa miaka mitatu peke yao. Kasi hufika kileleni kati ya miaka minne na mitano, kisha huanza kushuka polepole. Wengi huwa wameshaacha kukimbia kabla ya kufika miaka minane. Lakini farasi anayetunzwa vizuri huishi miaka 25 hadi 30. Hapo ndipo neno "mzee" linapotuchanganya: yule anayeitwa mzee uwanjani bado hajafika hata nusu ya maisha yake.

Hata hesabu yenyewe ya umri ina kona zake. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, kila Thoroughbred huongezewa mwaka tarehe 1 Januari, siku yoyote aliyozaliwa; Australia hufanya hivyo tarehe 1 Agosti. Aliyezaliwa Mei huko kaskazini huandikwa "wa miaka miwili" akiwa na miezi ishirini hivi. Ndiyo maana siamini kwamba tarakimu ya umri peke yake inaweza kutuambia nani aendelee na nani apumzike. Wapo wa miaka minne waliokwisha kabisa, na wapo wa miaka kumi wanaotoka mazoezini wakiwa na hamu ya chakula na miguu baridi.

Miguu baridi ni jambo la kushika sana. Ukienda kwenye banda linaloendeshwa vizuri kabla jua halijachomoza, utamkuta saisi amechutama kando ya farasi, anapitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele, kutoka gotini kushuka hadi kwenye kifundo kilicho juu ya ukwato. Anafanya hivyo mguu mmoja, kisha wa pili, kisha anarudia wa kwanza. Anatafuta joto. Anatafuta uvimbe mdogo kama punje, au mahali ambapo jana kano ilikuwa imenyooka kama kamba na leo imejaa. Saisi aliyemgusa farasi yuleyule kila siku kwa miaka miwili anaweza kuligundua tatizo kabla ya mashine yoyote, na mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa maoni. Hilo linanisikitisha sana katika kazi hii.

Kwa nini kano? Kwa sababu chini ya goti farasi hana msuli wa maana. Kuna mfupa, kano na ngozi. Mnyama wa kilo 500 hivi akipiga shoti kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, kuna nukta ambayo mguu mmoja wa mbele unabeba mzigo unaozidi mara mbili ya uzito wa mwili wake wote. Kano ya nyuma ya mguu huvutika na kurudi kama mpira, na humo ndani nyuzi chache hukatika. Akipata mapumziko, mwili hujiunga. Asipopata, mipasuko midogo hukutana ikawa mmoja mkubwa. Kano iliyochanika huchukua karibu mwaka kupona, na hata ikipona, panapojaza ni kovu gumu lisilovutika kama nyuzi za mwanzo. Kadiri umri unavyosonga, uwezo wa kujikarabati hupungua. Farasi aliyechanika kano mara ya pili mahali palepale ameshalijibu swali la kustaafu.

Mfupa nao una hadithi yake, na hapa lazima haki itendeke: mazoezi ya mapema peke yake si sumu. Mfupa wa farasi mchanga huongezeka nguvu pale pale unapobebeshwa mzigo kwa kiasi. Hatari inakuja pale mbio zinapofuatana bila nafasi, kwa sababu mwili huanza kwa kuondoa sehemu iliyochoka ya mfupa ndipo ujenge mpya, na katikati ya kazi hiyo mfupa huwa na vinyweleo na udhaifu. Kwa hiyo hata farasi anayerudi kutoka mapumziko marefu asikimbizwe haraka. Mivunjiko mingi inayoonekana kama ajali ya ghafla huwa imeanza kwa nyufa ndogo wiki kadhaa nyuma.

Na mguu ukivunjika? Watu huuliza kwa nini asifungwe plasta tu kama mtu. Barbaro alishinda Kentucky Derby Mei 2006, na wiki mbili baadaye akavunjika mguu wa nyuma wa kulia katika mbio za Preakness. Alipasuliwa na madaktari hodari, akatunzwa kwa gharama ambayo farasi wachache wangeipata. Lakini farasi hawezi kulala kitandani miezi mitatu. Lazima asimame, na anaposimama, miguu mizima hubeba zamu ya ule mgonjwa. Tabaka laini zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato huvimba na kuachia, ugonjwa uitwao laminaitisi. Barbaro alilazwa usingizi wa kudumu Januari 2007. Kama fedha na upendo vingetosha, angekuwa hai. Ndiyo sababu wakati wa kumstaafisha farasi ni kabla ya kuvunjika, na dalili ndogo zina uzito mkubwa.

Dalili hizo zinaonekana, ila farasi ni mnyama aliyezaliwa kuwindwa, hivyo huficha maumivu. Mtembeze kwa mbio za taratibu kwenye ardhi ngumu umtazame kichwa: mguu wa mbele unaouma ukigusa chini, kichwa hupanda, ule mzima ukigusa, kichwa hushuka. Tazama uso wake: masikio yaliyolazwa nyuma, ngozi iliyokaza juu ya jicho, taya lililobana, pua iliyokakamaa. Angalia kama anabakiza chakula, kama anauma anapokazwa mkanda wa tandiko, kama farasi aliyekuwa akiingia kizimbani bila shida sasa anagoma. Kugoma huko wengine hukuita ukaidi na kuutibu kwa fimbo. Mimi nasema, kabla ya kumwita farasi mkaidi, mwite daktari.

Kisha kuna dalili inayosomeka kwenye karatasi. Farasi aliyekuwa akishindana na vigogo anashushwa daraja, kisha anashushwa tena, hadi kwenye zile mbio ambazo kila mshiriki ana bei na yeyote aliyesajiliwa anaweza kumnunua kabla ya mbio kuanza. Kila miezi michache ana mwenyewe mpya, banda jipya na daktari mpya asiyejua alichomwa sindano gani kwenye kiungo gani. Historia ya mwili wake inapotea njiani. Katika baadhi ya viwanja vya Marekani sheria sasa inafuta ununuzi huo farasi akitoka mbioni ameumia, ili mtu asimwingize mgonjwa kwa nia ya kumtwisha mwingine. Ni hatua njema. Lakini farasi anayehitaji dawa ya maumivu na sindano za viungo ili tu afike siku ya mbio ameshasema vya kutosha.

Fedha nayo huamua mengi. Dume bingwa au jike mwenye ukoo mzuri hustaafishwa mapema kwa sababu kuzalisha kuna faida kubwa kuliko kukimbia. Secretariat, bingwa maarufu wa Marekani, aliondoka uwanjani akiwa na miaka mitatu tu. Aliyehasiwa hana njia hiyo. Thamani yake yote iko miguuni, kwa hiyo hukimbizwa miaka mingi zaidi, na yeye ndiye anayehitaji mtu wa kusema basi. John Henry, aliyehasiwa, aliteuliwa kuwa farasi bora wa mwaka Marekani mwaka 1984 akiwa na miaka tisa. Kano ilipomsumbua, akastaafishwa na kupelekwa kwenye hifadhi ya farasi ya Kentucky, akaishi huko hadi 2007, miaka 32 tangu azaliwe.

Kwa Ferdinand haikuwa hivyo. Alishinda Kentucky Derby mwaka 1986 na kuwa farasi bora wa mwaka 1987. Aliuzwa Japani kama dume la mbegu, wateja wakapungua, na mwaka 2003 ilitoka habari kwamba mwaka mmoja nyuma alipelekwa machinjioni. Tunasema shukrani ya punda ni mateke. Hapa mateke yalitoka kwa binadamu. Habari hiyo iliwaamsha wengi. Uingereza tayari ilikuwa na Retraining of Racehorses, shirika lililoanzishwa mwaka 2000 kuwasaidia farasi waliotoka mbioni kupata kazi nyingine, na Marekani mwaka 2012 ikaundwa Thoroughbred Aftercare Alliance, inayokagua vituo vya kuwapokea.

Maisha hayo mapya hayaanzi siku moja. Farasi wa mbio amezoea nafaka nyingi, banda, kelele na ratiba ya dakika. Ukimwachia malishoni ghafla, anaweza kupata msokoto wa tumbo au laminaitisi, au akakimbia huku na huko kwa hofu hadi ajiumize. Nafaka hupunguzwa kwa wiki kadhaa, nyasi kavu huongezwa, na farasi hutolewa nje saa chache akiwa na mwenzake mtulivu. Baada ya miezi kadhaa ndipo afundishwe upya: kusimama wakati wa kupandwa, kugeuka pande zote mbili, kutembea bila kudhani kila uwanja wazi ni mbio.

Red Rum, bingwa mara tatu wa Grand National, mbio kubwa za kuruka vizuizi nchini Uingereza, aligunduliwa ufa mwembamba mguuni siku moja kabla ya mbio za 1978, akiwa na miaka 13. Angeweza kuingizwa uwanjani, na umati ungemshangilia. Aliondolewa. Aliishi miaka mingine 17, akifungua maduka na kupokea watoto waliotaka kumgusa, akafa mwaka 1995 akiwa na miaka 30. Wakamzika Aintree, kwenye uwanja wa mbio hizo, kando ya nguzo ya kumalizia mbio.