Ufisadi hospitalini: tunayoyaamini na yalivyo

"Rushwa ni ile noti inayopenyezwa mkononi mwa nesi."
Ndiyo, lakini hiyo ni ile inayoonekana. Makubwa hukaa kwenye karatasi: zabuni moja iliyokatwa vipande ili isifikie kiwango cha kushindanishwa, watumishi hewa kwenye orodha ya mishahara, dawa zilizosainiwa kuwa zimepokelewa huku stoo ni tupu, madai ya bima ya vipimo ambavyo mgonjwa hakuwahi kupimwa.

"Nikimpa daktari kitu, ni shukrani tu."
Ikiombwa, au ikitangulia huduma, si shukrani.

"Bila ushahidi kamili, nyamaza."
Imani hii imewalinda wezi kuliko wakili yeyote. Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, wa mwaka 2003, kinazungumzia anayetoa taarifa kwa nia njema na kwa sababu za msingi. Kuthibitisha kosa ni kazi ya wachunguzi. Wewe andika tarehe, namba ya ankara, kiasi kilichoandikwa na kilichokuwepo, na nani alisaini. Uliyoyaona yasichanganywe na uliyosimuliwa. Mtuhumiwa usimkabili, maana kesho utakuta leja imeandikwa upya. Mafaili ya wagonjwa nayo usiyabebe kwenda nyumbani. Siri zao bado ni zao.

"Nisipoandika jina, sitajulikana."
Kama ankara ile huonwa na watu watatu tu, jina lako limeshaandikwa. Hatari ni ya kweli: Agosti 2021 Babita Deokaran, ofisa mwandamizi wa fedha katika idara ya afya ya Gauteng, Afrika Kusini, alipigwa risasi na kuuawa baada ya kuhoji malipo ya Hospitali ya Tembisa. Ndiyo maana taarifa nzito ipelekwe kwa chombo cha nje, si kwa bosi wa idara ileile, na ulinzi uuombe mapema.

"Anayeripoti ni mchongezi."
Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1863 inamruhusu raia kufungua kesi kwa niaba ya serikali iliyoibiwa, na akishinda hupata kati ya asilimia 15 na 30 ya fedha zilizorejeshwa. Kesi nyingi za namna hiyo zimehusu afya.

"Mgonjwa hana la kufanya."
Analo. Adai stakabadhi, na fomu ya bima asiisaini ikiwa tupu, hata akiambiwa foleni ni ndefu.